Mama Aliyeugua na Maziwa ya Mtoto Wake

Muhula uliopita nilichelewa kurudi shuleni kwa siku nane. Mwalimu wetu wa darasa aliponiuliza sababu, nilijibu tu kwamba kulikuwa na shida nyumbani, naye kwa hisani yake hakunidadisi zaidi. Shida yenyewe ilikuwa kopo la maziwa ya unga. Nauli yangu ilinunua kopo hilo, nalo lisingalihitajiwa kama sisi wa nyumbani tungalijua mambo machache ambayo si magumu kuyajua. Nimeona vema niandike habari hii katika gazeti letu, si kwa kutaka kuonewa huruma, bali kwa sababu yaliyotupata sisi yaweza kuwapata wengine, na elimu tunayopewa hapa yafaa ivuke lango la shule iwafikie wazazi wetu.

Dada yangu alikuwa na mimba yake ya kwanza. Zilipokuwa zimebaki wiki tatu na siku chache kufika siku zake, alishikwa na homa kali, mafua, kikohozi na maumivu ya viungo. Alipopimwa damu, malaria haikuonekana. Mganga akasema ni homa ya mafua, yaani influenza, ugonjwa uletwao na virusi. Siku ya tatu ya homa uchungu ulianza, akajifungua mtoto wa kike mwenye uzito wa kilo 2.3. Kwa kuhofia kwamba mama atamwambukiza mtoto, walitenganishwa vyumba siku mbili, na mtoto akanyweshwa kwa chupa. Waliporudi nyumbani, homa ilikuwa imekwisha, lakini matiti ya dada yalikuwa laini na matupu, wala mtoto hakujua kuyashika.

Bibi yetu, ambaye amelea watoto tisa, alitoa hukumu yake. Alisema, "Ng'ombe mwenye homa hakamuliwi. Maziwa ya mjukuu wangu yameungua. Mwacheni, msimpe mtoto ugonjwa." Hakuna aliyembishia. Mama alinipa fedha iliyokuwa imewekwa kwa safari yangu, nikaenda dukani. Tangu siku hiyo mimi ndiye niliyekuwa nikikoroga maziwa ya mtoto. Nakiri kwamba kuna usiku nilioona uvivu wa kuwasha moto, nikatumia maji ya chupa ya chai yaliyokwisha kuwa vuguvugu. Siku ya nne mtoto akaanza kuharisha.

Aliyetuokoa ni jirani yetu, mkunga mstaafu. Alikuja kumpa dada pole ya uzazi, akakuta kopo mezani, akauliza maswali mawili matatu, kisha akakaa nasi mpaka jioni. Aliyotuambia siku ile niliyaleta kwa mwalimu wetu wa Biolojia, naye alinionyesha vitabu na kunifafanulia. Nitayaeleza hapa kwa utaratibu. Naomba wavulana wenzetu wasicheke wala wasifunue ukurasa mwingine, maana nao watakuwa baba, na mara nyingi ndio watakaotoa fedha ya kopo.

Kwanza yatupasa kujua maziwa yanatoka wapi. Watu wengi hudhani kwamba maziwa huanza siku ya kuzaa. Sivyo. Matiti huanza kujitayarisha tangu mwanzo wa mimba, na kufika katikati ya mimba yamekwisha kuweza kutengeneza yale maziwa ya kwanza, mazito na ya manjano, ambayo wazee wetu huyaita dang'a. Kazi hii huongozwa na homoni. Homoni ni vitu ambavyo tezi za mwili huvitia katika damu, na damu huvipeleka mbali kutoa amri, kama tarishi apelekavyo barua kutoka ofisi moja hadi nyingine.

Tarishi mkubwa wa maziwa huitwa prolaktini. Hutoka katika tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, tezi ndogo kama punje ya njegere. Wakati wa mimba prolaktini huongezeka katika damu mpaka kufikia mara kumi au zaidi ya kiasi chake cha kawaida. Basi mtu atauliza: kama amri imekuwa kubwa hivyo, mbona mama mjamzito hatiririki maziwa? Sababu ni homoni nyingine, projesteroni, ambayo katika miezi mingi ya mimba hutengenezwa na kondo la nyuma. Projesteroni hulinda mimba, na papo hapo huzuia maziwa yasitoke kwa wingi kabla ya wakati. Ni kama hapa shuleni: mpishi amekwisha pika na sufuria iko tayari, lakini hakuna anayepakuliwa mpaka kengele ilie.

Kengele hiyo hulia kondo la nyuma linapotoka. Projesteroni hushuka upesi, prolaktini hubaki juu, na kwa kawaida kati ya siku ya pili na ya nne matiti hujaa. Kabla ya hapo mtoto hupata dang'a tu, nayo ni vijiko vichache vya chai kwa siku nzima. Mama wengi huona ni kidogo, wakakata tamaa. Lakini tumbo la mtoto siku ile ni dogo, na uchache huo ndio unaomfaa. Tena si ajabu mtoto mchanga kupungua uzito kidogo katika siku za mwanzo, kisha akaurudisha.

Yuko tarishi wa pili, oksitosini. Prolaktini hutengeneza maziwa, na oksitosini huyasukuma nje kwa kukaza misuli midogo iliyozunguka vifuko vya maziwa. Mwaka 1906 mtaalamu Mwingereza Henry Dale aliona kwamba dawa iliyotengenezwa kutokana na tezi ya pituitari hukaza mfuko wa uzazi. Baadaye Mmarekani Vincent du Vigneaud aliweza kuitengeneza oksitosini katika maabara, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1955. Leo sindano ya oksitosini hutumika hospitalini kuzuia mama asitoke damu nyingi baada ya kuzaa. Mtoto anaponyonya, mwili wa mama huitoa oksitosini yake wenyewe. Ndiyo sababu mama husikia tumbo likimkaza mtoto anapokuwa kifuani. Mtoto anamsaidia mama yake bila ya kujua.

Homoni hizi mbili huitwa na jambo moja, nalo ni mtoto kunyonya. Chuchu inapovutwa, habari hupita katika mishipa ya fahamu hadi kwenye ubongo, na tezi hupeleka matarishi wake. Oksitosini hufika mara moja. Prolaktini hufikia kilele chake yapata nusu saa baada ya mtoto kuanza kunyonya, kwa hiyo kazi yake hasa ni kutayarisha maziwa ya mlo unaofuata. Usiku hutoka kwa wingi kuliko mchana, ndiyo maana kunyonyesha usiku kuna faida kubwa ijapo kunachosha. Lakini maziwa yakibaki ndani ya matiti bila ya kutolewa, matiti yenyewe hupunguza kazi. Kisima kisichotekwa huziba.

Sasa tuje kwenye ugonjwa. Virusi vinapomwingia mama mjamzito, maziwa yake yaweza kuguswa kwa njia kadhaa, na hapana budi tuzitenganishe, maana dawa ya kila njia ni mbali.

Njia ya kwanza ni kondo la nyuma. Baadhi ya virusi huweza kulidhuru, na homa kali yaweza kuleta uchungu mapema. Mtoto akija kabla ya siku zake, matiti hayakupata muda wao wote wa kujitayarisha, na mtoto mwenyewe huwa na usingizi mwingi na hunyonya kwa udhaifu. Basi amri inayokwenda kwenye ubongo huwa hafifu. Jambo hili ndilo lililompata dada yangu. Kadhalika, iwapo kipande cha kondo kimebaki ndani, kwa sababu yoyote ile, projesteroni huendelea kutoka na kengele hailii. Mama ambaye maziwa hayaji, huku damu yazidi kumtoka, asikae nyumbani akinywa uji wa pilipili manga. Arudi hospitali siku ile ile.

Njia ya pili ni homa yenyewe pamoja na maumivu na hofu. Mwili uliomo vitani hutoa adrenalini na kotisoli kwa wingi. Kotisoli kiasi cha kawaida huhitajiwa katika kutengeneza maziwa, lakini mama aliyepita katika taabu kubwa ya kuzaa mara nyingi maziwa yake huchelewa kujaa. Adrenalini nayo huzuia oksitosini. Maziwa yapo, lakini hayasukumwi, na mama akiona hayatoki huzidi kuogopa, na akizidi kuogopa huzidi kutotoka. Mwenye homa pia hutoka jasho, hana hamu ya kula wala kunywa, na mwili hukauka. Dawa yake ni kutuliza homa kama mganga alivyoagiza, maji ya kunywa, usingizi, na watu wa nyumbani kuacha kumtisha.

Njia ya tatu ni kutenganishwa, nayo ndiyo yenye kudhuru kuliko watu wanavyodhani. Fikirini siku mbili za kwanza bila ya mtoto kugusa titi. Kengele imelia, mlango umefunguka, lakini hakuna mlaji aliyekuja. Tezi haikupata habari, matiti hayakutolewa kitu, na mtoto amezoea chupa isiyomtaka afanye kazi. Mwisho wa siku hizo watu hutazama matiti laini wakasema homa imeyachoma. La hasha! Homa haichomi maziwa. Yaliyopotea ni yale maombi ambayo mtoto angalipeleka.

Msomaji atauliza, na ni haki yake kuuliza: je, si kweli kwamba virusi vyaweza kupita katika maziwa? Kweli, lakini si virusi vyote, wala si kwa hatari moja. Hapa ndipo watu wengi hukosea, kwani huchukua habari ya ugonjwa mmoja wakaivika magonjwa yote.

Virusi vya mafua husafiri kwa mate na makamasi, si kwa maziwa. Mama anaweza kumwambukiza mtoto kwa kukohoa usoni pake au kwa mikono isiyonawiwa, lakini titi lake si mlango wa ugonjwa huo. Mwaka 2020, Uviko-19 ulipoenea duniani, hospitali za nchi kadhaa ziliwatenga watoto na mama zao kwa hofu ile ile. Shirika la Afya Duniani lilishauri kinyume: mama avae barakoa, anawe mikono, aendelee kunyonyesha na kukaa na mtoto wake. Watafiti walipoyapima maziwa ya mama waliougua, walikuta kingamwili za kupigana na virusi hivyo.

Jambo hili la kingamwili ni zuri sana, nami nilipolisoma mara ya kwanza nililisoma tena. Mama anapougua, mwili wake hutengeneza kingamwili za ugonjwa ule hasa aliokuwa nao. Zile za aina moja hupita kwenye kondo la nyuma na kuingia katika damu ya mtoto kabla hajazaliwa. Zile za aina nyingine hutoka katika maziwa, hasa katika dang'a, na kutanda kooni na tumboni mwa mtoto kama walinzi. Basi tulipomnyima mtoto wetu maziwa kwa kuogopa mafua ya mama yake, tulimnyima ngao ya mafua hayo hayo. Na wale wanaoikamua dang'a na kuimwaga kwa kuwa ni ya manjano na eti ni chafu, humwaga chanjo ya kwanza ya mtoto.

Homa ya ini aina ya B ni ugonjwa mwingine unaoogopwa. Mtoto huweza kuupata kwa mama yake, lakini hasa ni wakati wa kuzaliwa, kwa damu. Kinga yake ni chanjo ya kuanzia katika saa 24 za kwanza, pamoja na dawa ambazo mganga humpa mama mwenye virusi vingi. Kunyonyesha hakuongezi hatari hiyo. Tetekuwanga nayo ina hesabu yake: vipele vikimtokea mama kuanzia siku tano kabla ya kuzaa mpaka siku mbili baada yake, mtoto yumo hatarini, na lazima waganga waambiwe upesi ili wamkinge. Lakini hata hapo maziwa yenyewe hayana hatia. Yaweza kukamuliwa akanyweshwa, maadamu hakuna kipele kwenye titi.

Ugonjwa uliotufundisha zaidi kuliko wote katika jambo hili ni ule wa virusi vya UKIMWI. Virusi hivi hupita kweli katika maziwa. Bila ya dawa yoyote, kati ya watoto 100 wa mama wenye virusi hivyo, 15 hadi 45 huambukizwa katika mimba, wakati wa kuzaliwa au kwa kunyonya. Kwa hiyo zamani mama wengi walishauriwa wasinyonyeshe kabisa. Katika nchi ya Botswana serikali iliwagawia mama hao maziwa ya kopo bila ya malipo. Kisha mwisho wa mwaka 2005 na mwanzo wa mwaka 2006 zilinyesha mvua kubwa, maji yakachafuka, likazuka tumbo la kuhara, na watoto wachanga mamia wakafa. Wachunguzi walipotazama, waliona kwamba waliopatwa zaidi ni wale ambao hawakuwa wakinyonya. Watu walikuwa wamekimbia hatari moja wakaingia katika nyingine.

Kabla ya hapo, mwaka 1999, uchunguzi uliofanywa Durban, Afrika ya Kusini, na Bibi Anna Coutsoudis na wenzake, ulionyesha kwamba watoto waliopewa maziwa ya mama peke yake waliambukizwa kwa uchache kuliko waliochanganyiwa maziwa ya mama na vyakula au vinywaji vingine. Baadaye zikaja dawa. Leo mama mwenye virusi hivyo anayemeza dawa zake kila siku, na mtoto akapewa zake, hatari hushuka chini ya watoto 5 katika 100, na penye matunzo mema hushuka zaidi ya hapo. Tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba mama wa namna hiyo anaweza kunyonyesha huku akitumia dawa: miezi sita ya kwanza maziwa yake peke yake, kisha aendelee pamoja na vyakula vingine. Kama ugonjwa mkubwa kama huo haukuyaondoa maziwa ya mama kifuani pake, mafua ya dada yangu yangaliyaondoa kwa haki gani?

Hata hivyo nisiseme kwamba hakuna pa kuacha. Mama mwenye Ebola, ugonjwa ambao ndugu zetu wa Kongo na Uganda wameuona kwa macho yao, huambiwa asinyonyeshe, na mtoto hutengwa naye chini ya ulinzi wa waganga. Na huko Nagasaki, nchini Japani, tangu mwaka 1987 mama wenye virusi viitwavyo HTLV-1, ambavyo baada ya miaka mingi huweza kuleta saratani ya damu, walishauriwa kutumia maziwa mengine, na maambukizo kwa watoto yakapungua sana. Lakini huo ulikuwa uamuzi wa waganga waliokwisha pima damu, katika mji wenye maji safi. Haukuwa uamuzi wa jirani aliyepita njia.

Tena tusisahau kwamba yapo magonjwa ambayo madhara yake hutendeka mapema, mtoto akiwa bado tumboni. Mwaka 1941 daktari wa macho wa Australia, Norman Gregg, aliona watoto wengi wachanga wenye mtoto wa jicho, akagundua kwamba mama zao walikuwa wameugua rubela katika miezi ya mwanzo ya mimba. Kwa mama, rubela ni vipele vya siku tatu tu. Kwa mtoto ni upofu, uziwi au ugonjwa wa moyo. Tanzania iliianza chanjo ya surua na rubela mwaka 2014. Wadogo zetu wanaochomwa sindano hiyo leo wanalindwa wao, na wanalindwa watoto watakaowazaa.

Sasa nirudi nyumbani kwetu. Mkunga alipokwisha kusikiliza, hakumkemea bibi. Alimwamkia kwa adabu, akasema, "Shikamoo, mama. Wewe ulilea tisa kwa maziwa yako, na katika hao tisa hukuugua hata mara moja?" Bibi alicheka, akajibu kwamba aliugua mara nyingi, na ndui aliiona kwa macho yake. "Na uliwanyonyesha?" Bibi akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Tungaliwapa nini?" Mkunga akasema, "Basi, mama, dawa unayo mwenyewe." Tangu hapo bibi akawa upande wetu.

Kisha alimwambia dada anawe mikono kwa sabuni, ajifunge kitambaa safi puani na mdomoni kwa kuwa bado alikuwa akikohoa, na amweke mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, wote wawili wakifunikwa khanga moja. Mtoto alilala pale kama saa nzima, kisha akaanza kutafuta. Mkunga alimwonyesha dada namna ya kumwelekeza ili mdomo ukamate sehemu kubwa ya titi, si ncha ya chuchu tu. Alitupa kanuni ya kumnyonyesha mara nane hadi kumi na mbili mchana na usiku, na akichoka kunyonya, dada akamue kwa mkono na kilichopatikana anyweshwe kwa kikombe kidogo. Chupa ikawekwa juu ya kabati. Maziwa ya kopo hatukuyaacha siku moja, maana mtoto alikuwa mdogo na angaliweza kudhoofika. Tuliyapunguza kidogo kidogo kadiri ya mama yalivyoongezeka, na maji yakachemshwa kila mara. Asubuhi yake mtoto alipelekwa zahanati kwa ajili ya kule kuharisha, akatibiwa na kupimwa.

Siku ya kwanza dada alikamua matone yasiyojaza kifuniko cha chupa ya soda. Alilia. Bibi alikaa nyuma yake akimkanda mgongo, akimwambia habari za zamani za kuchekesha. Sikujua siku ile kwamba bibi alikuwa akipigana na adrenalini. Siku ya nne matiti yalijaa. Siku ya nane tuliacha kopo, likiwa limebaki robo, na mtoto alipopimwa tena alikuwa ameongezeka. Siku iliyofuata baba alipata nauli nyingine, nami nikasafiri.

Kabla sijamaliza, naomba wasomaji waweke akilini mambo haya. Mama mjamzito mwenye homa apelekwe kliniki mapema, wala asijinunulie dawa dukani. Akijifungua, aulize, "Je, ugonjwa wangu unanizuia kunyonyesha?" na jibu litoke kwa mganga au mkunga anayejua ni ugonjwa gani. Ikiwa hana budi kutenganishwa na mtoto, aanze kukamua siku ile ile, mara nane au zaidi kwa siku, ili tezi isisahau kazi yake. Mtoto anayekataa kunyonya, mwenye joto, anayelala bila ya kuamka, au ambaye baada ya siku ya tano anakojoa chini ya mara sita kwa siku, asingojewe mpaka kesho. Na sisi tulio karibu na mzazi tumpe chakula, maji na maneno mema, kwani maneno mabaya nayo huzuia maziwa.

Mtoto wetu sasa ana miezi saba. Amekwisha kuota meno mawili, na barua ya mwisho kutoka nyumbani yasema kwamba amemng'ata mama yake. Lile kopo lenye robo lilikaa kabatini mpaka siku zake zikapita. Bibi aliyamwaga yaliyobaki, akaliosha, na sasa anawekea chumvi.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne